Ndoa ya Mimea: Mzabibu wa Ulaya na Mbuni wa Kisii

(Maneno ya mazungumzo kwa wakulima wa Nyanchwa na jirani zao)



Mtu akisimama Nyanchwa, juu ya kilima kinachoutazama mji wa Kisii, ataona migomba, mahindi, miparachichi na mibuni, na kuelekea sehemu za juu zaidi ataona chai. Lakini mzabibu hatauona. Watu wa huko huujua mzabibu kwa kuusoma katika Biblia kuliko kwa kuupanda. Hata divai yenyewe si kitu cha kusifiwa mahali hapo, maana misheni ya Waadventista Wasabato ilisimama Nyanchwa kabla ya Vita Kuu ya 1914, na kanisa hilo huwafundisha waumini wake kujiepusha na vileo, na kahawa pia. Basi mtu aweza kuuliza: mazungumzo juu ya mizabibu yana faida gani kwa mkulima wa Kisii?

Faida yake ni kwamba mambo yaliyowapata wakulima wa mizabibu wa Ufaransa katika karne ya 19 yaliwapata wakulima wa kahawa wa Kisii katika karne ya 20. Kwanza ulikuja ugonjwa usiojulikana. Kisha ikaja dawa ya kunyunyizia, yenye gharama kubwa. Kisha wataalamu wakaleta mbegu chotara, na watu wakaanza kubishana kama ladha ya chotara ni sawa na ladha ya mbegu ya zamani. Mkulima wa Ufaransa alitangulia kwa miaka mingi, na makosa yake yako wazi kwa kila atakaye kuyatazama. Mwenye shamba la eka mia aweza kukosea kisha akajaribu tena. Mwenye eka moja au nusu eka, kama walivyo wengi katika kaunti za Kisii na Nyamira, hana nafasi ya kukosea mara mbili.

MSIBA WA MIZABIBU

Mzabibu wa Ulaya una majina maelfu, lakini yote ni ya jamii moja. Tunda lake ni tamu na divai yake ni nzuri, ila tangu zamani haukupata kukutana na magonjwa wala wadudu wa Amerika. Mizabibu ya mwituni ya Amerika ilikuwa imeishi pamoja na maadui hao kwa vizazi visivyohesabika, na iliyokuwa dhaifu ilikwisha kufa; iliyobaki ilikuwa migumu, ijapokuwa matunda yake hayakuwapendeza watu wa Ulaya.

Katikati ya karne ya 19 watu walisafirisha miche ya Amerika kuipeleka Ulaya, na maadui wale wakasafiri pamoja nayo. Kwanza ulifika ubwiri, ule ukungu mweupe unaofunika majani kama unga. Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kunyauka bila sababu kuonekana. Mwaka wa 1868 mtaalamu wa mimea wa Montpellier, Jules-Émile Planchon, pamoja na wenzake, walifukua mizizi ya mizabibu iliyokuwa bado hai, wakakuta vidudu vidogo mno vya rangi ya manjano vikiinyonya. Kidudu hicho huitwa filoksera. Kabla ya karne kwisha kilikuwa kimeharibu sehemu kubwa ya mashamba ya Ufaransa, na familia nyingi zilihama makwao. Mwaka wa 1878 ukaongezeka ubwiri wa namna ya pili, uletwao na mvua na unyevu.

Njia tatu zilitafutwa. Ya kwanza ni dawa. Mwaka wa 1885 Pierre-Marie-Alexis Millardet wa Bordeaux alitangaza mchanganyiko wa mrututu, chokaa na maji, unaozuia ubwiri ukinyunyizwa juu ya majani. Dawa za shaba ambazo wakulima wa Kisii wamekuwa wakizitia katika mabomba yao kwa ajili ya kahawa ni za ukoo wa dawa hiyo.

Njia ya pili ni kupandikiza: kuchukua kikonyo cha mzabibu wa Ulaya na kukiunga juu ya shina la Amerika. Mizizi ikawa migeni, isiyodhurika na filoksera, na matunda yakabaki yale yale ya zamani. Njia hiyo ndiyo iliyoyaokoa mashamba ya Ulaya, na hata leo mizabibu mingi ya huko husimama juu ya mizizi ya asili ya Amerika.

Njia ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote, nayo ni kuozesha mimea yenyewe. Watu kama Albert Seibel na Georges Couderc, wote wawili wa Aubenas, walichukua chavua ya mzabibu wa jamii moja na kuitia katika maua ya jamii nyingine, wakapanda mbegu zilizopatikana, wakatazama miche, wakang'oa mibaya, wakaozesha tena iliyo mizuri. Seibel peke yake alizalisha maelfu ya aina, akaziita kwa namba kwa kuwa majina hayakutosha.

CHOTARA NI NINI

Hapa yafaa kueleza maana ya neno lenyewe. Chotara ni mmea uliozaliwa na wazazi wawili wa asili mbalimbali. Mzazi mmoja aweza kuleta utamu, na wa pili akaleta uwezo wa kushinda ugonjwa. Lakini mtoto hachagui. Huweza kurithi utamu wa mama na ugumu wa baba, na huweza pia kurithi uchungu wa mmoja na udhaifu wa mwingine. Ndiyo sababu mzalishaji wa mbegu hupanda watoto mamia na maelfu ili apate mmoja au wawili wa kufaa.

Si lazima wazazi wawe wa jamii za mbali. Mwaka wa 1925, huko Stellenbosch katika Afrika ya Kusini, Profesa Abraham Perold aliozesha mizabibu miwili ambayo yote ni ya Ulaya: Pinot noir, wenye divai nzuri lakini msumbufu kulimwa, na Cinsaut, mvumilivu, ambao wakati huo watu wa huko waliuita Hermitage. Mtoto wao huitwa Pinotage. Divai iliyoandikwa jina hilo ilianza kuuzwa mwaka wa 1961, yaani miaka 36 baada ya ndoa ile. Kwa hiyo msikilizaji aone kazi hii inavyohitaji subira.

Kwa Afrika ya Mashariki nchi ya mizabibu ni Dodoma, Tanzania, ambako mvua ni kidogo na kiangazi ni kirefu; kituo cha utafiti wake kiko Makutupora. Kisii ni kinyume cha Dodoma. Mvua yake hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na mji wenyewe uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya bahari. Unyevu wa namna hiyo huipendeza migomba, lakini kwa ubwiri wa mizabibu ungekuwa karamu. Hata hivyo liko zao jingine Kisii ambalo hadithi yake ni ndugu ya hadithi hii.

KAHAWA YAFIKA KISII

Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ya Kenya haikuwaruhusu Waafrika kulima kahawa. Katika miaka ya 1930 ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo, na Kisii ilikuwa mojawapo ya sehemu za kwanza, pamoja na Embu na Meru. Baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954, ujulikanao kwa jina la Swynnerton, mashamba yaliongezeka, na ushirika ukajenga viwanda vya kumenya na kukausha buni. Ada za shule za watoto wengi wa Gusii zilitoka katika magunia ya kahawa.

Lakini adui alikuwa ametangulia. Mwaka wa 1922 ugonjwa mpya ulionekana magharibi ya Kenya. Wataalamu wa Tanzania huuita chulebuni, na wakulima wa Kenya huutaja kwa herufi zake, CBD. Ni kuvu inayoshika tunda likiwa bado bichi. Doa jeusi hutokea, hubonyea, na tunda huanguka au hukaukia mtini. Ugonjwa huu hupenda sehemu za juu zenye baridi na mvua, yaani sehemu kama Kisii. Mwaka mbaya, shamba lisilotiwa dawa laweza kupoteza hata 80 kwa mia ya mavuno. Na mkulima anyunyiziaye sawasawa huweza kuona dawa ikimla karibu theluthi moja ya gharama zake zote. Mvua ikinyesha mara baada ya kunyunyizia, dawa huoshwa na fedha imepotea.

Mbegu za zamani zilikuwa na sifa mbalimbali. SL28 na SL34, zilizochaguliwa katika maabara ya Scott huko Kabete katika miaka ya 1930, zilisifiwa kwa ladha ulimwenguni kote, lakini zote mbili hushikwa na CBD kwa urahisi. K7, iliyochaguliwa katika shamba la Legetet huko Muhoroni, huvumilia zaidi. Blue Mountain, yenye asili ya Jamaica, ilipandwa Kisii kwa kuwa nayo huvumilia CBD kiasi chake. Lakini kuvumilia siko kushinda.

KAZI YA RUIRU

Baada ya ugonjwa kuwaka vibaya mwishoni mwa miaka ya 1960, kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilianza mwaka wa 1971 kazi ile ile waliyoifanya wazalishaji wa mizabibu: kutafuta wazazi wagumu na kuwaozesha na wazazi watamu. Wazazi wagumu walitoka mbali na karibu. Mmoja alikuwa Rume Sudan, mbuni wa uwanda wa juu wa Boma, ambao sasa umo katika Sudan Kusini. Wa pili alikuwa K7, jirani wa Kisii. Wa tatu alikuwa mbuni wa ajabu ulioonekana kisiwani Timor katika miaka ya 1920, mtoto wa arabika na robusta waliooana wenyewe bila kuozeshwa na mtu.

Jambo la mwisho lisimshangaze msikilizaji. Arabika yenyewe, ambayo watu huiita mbegu safi, ni chotara. Wanasayansi wamethibitisha kwamba ilizaliwa na robusta pamoja na jamii nyingine ya mwituni iitwayo eugenioidesi, maelfu kwa maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kunywa kahawa. Anayedharau chotara, basi, amedharau na arabika.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa mikono. Ua la arabika hujichavusha lenyewe, kwa hiyo hapana budi kulifungua kabla halijakunjuka, kuondoa sehemu zake za kiume, kulifunika kwa mfuko, kisha kutia chavua ya baba aliyechaguliwa. Mbegu zikiota, miche yenye umri wa wiki sita hivi ilinyunyiziwa kuvu ya CBD kwa makusudi. Iliyokufa ilitupwa, na iliyopona iliendelea. Hivyo mtaalamu aliweza kuchuja maelfu ya miche kwa wiki chache, asingoje miaka mitatu mpaka mti uzae ndipo aone ugonjwa.

Mwaka wa 1985 mbegu iliyoitwa Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima. Ni mbuni mfupi. Eka moja huweza kubeba miti 1,000 hivi, mahali ambapo mibuni ya zamani, yenye nafasi ya futi tisa kwa tisa, haikupita 540. Huanza kuzaa mapema, nayo hushinda CBD na kutu ya majani. Kwa mwenye shamba dogo, hayo ni mambo makubwa.

Bahati mbaya ni kwamba mwaka wa 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa kiasi cha kahawa kwa kila nchi yalivunjika, na bei ikaanguka. Wakulima wengi wa Gusii waliacha mibuni yao iote magugu, au walipanda migomba na mahindi katikati ya mistari. Mbegu ya kuokoa gharama ilifika wakati ambapo mkulima hakuwa na fedha hata ya kununulia miche.

SWALI LA LADHA

Ndipo ukazuka ubishi ambao Ufaransa ilikuwa imekwisha kuupitia. Baadhi ya wanunuzi walinung'unika kwamba Ruiru 11, kwa kuwa ina damu ya robusta kupitia mbuni wa Timor, haifikii SL28 katika kikombe.

Mizabibu chotara ya kwanza ya Ufaransa nayo ilishitakiwa hivyo. Baadhi yake ilikuwa na harufu ya mizabibu ya mwituni, ambayo Wazungu waliifananisha na mbweha. Tarehe 24 Desemba 1934 sheria ya Ufaransa ilipiga marufuku aina sita, miongoni mwao Isabelle, Noah na Clinton. Harufu ilitajwa, na madhara kwa afya yakatajwa, lakini wakati huo nchi ilikuwa na divai nyingi kuliko soko, na walioshindwa kuiuza hawakuwapenda washindani. Hata baada ya sheria hiyo chotara nyingine ziliendelea kupandwa kwa wingi na wakulima wadogo, kwa sababu hazikuhitaji dawa nyingi.

Wazalishaji hawakubishana na sheria, walirudi vitaluni. Waliozesha chotara na mizabibu ya Ulaya tena na tena, mpaka harufu ya mwituni ikaondoka na ugumu ukabaki. Mzabibu uitwao Regent ulizaliwa mwaka wa 1967 katika kituo cha Geilweilerhof, Ujerumani, nao huzaa divai nyekundu isiyo na harufu ile. Mwishowe, mwaka wa 2021, Umoja wa Ulaya ulibadili kanuni zake, ukaruhusu mizabibu ya namna hiyo itumike hata katika divai zenye majina ya heshima ya mahali. Kilichoshinda ni kikombe chenyewe, pamoja na gharama ya dawa.

Ruiru ilifuata njia hiyo hiyo. Wazalishaji waliirudisha damu ya SL28 na SL34 mara kadhaa, na mwaka wa 2010 wakatoa mbuni uitwao Batian, jina la kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Batian ni mrefu kama mibuni ya zamani, hushinda CBD na kutu, na wazazi wake wengi ni wale wale waliosifiwa kwa ladha.

MAMBO YA KUANGALIA

Basi mkulima wa Nyanchwa aliye na mibuni mizee ya Blue Mountain au SL28 afanye nini? Hakuna jibu moja kwa kila shamba, lakini yako mambo manne ambayo historia hii inayafundisha.

La kwanza, asiokote buni chini ya mbuni wa Ruiru 11 na kuzifanya mbegu. Kila mkulima wa mahindi anajua kwamba mahindi chotara, tangu yale ya Kitale ya mwaka 1964, hayapandwi tena kutoka ghalani, maana mwaka wa pili hurudi nyuma. Ruiru 11 ni vivyo hivyo: watoto wake hutawanyika, wengine wakamfuata babu mgumu na wengine wakamfuata bibi mgonjwa. Tena mahindi humdanganya mtu msimu mmoja tu, lakini mbuni humdanganya miaka mitatu kabla ya kuonyesha sura yake. Batian ni tofauti, kwa kuwa imekwisha kutulia na mbegu zake hufuata mzazi. Hata hivyo mbegu yake ichukuliwe mahali penye miti inayojulikana.

La pili, aulize mche umetoka wapi. Mbegu ya Ruiru 11 huzalishwa kwa mikono, ndiyo sababu tangu mwanzo haikutosha watu, na penye upungufu wauzaji wasio waaminifu hawakosi. Miche ya mbuni ikiwa kitaluni hufanana. Anayeuza kwa bei ya chini kandokando ya njia, asiyeweza kutaja kituo alikopata mbegu, huenda anauza miaka mitatu ya maisha ya mnunuzi. Wataalamu wa utafiti wa kahawa wana kituo kidogo Kisii, na viongozi wa vyama vya ushirika hujua njia ya kupata miche halali.

La tatu, asing'oe yote kwa siku moja. Kama Mfaransa alivyounga kikonyo juu ya shina geni, ndivyo mkulima wa kahawa awezavyo kukata mbuni mzee, kuacha chipukizi lenye nguvu, na kuunga juu yake kikonyo cha Ruiru 11 au Batian. Mizizi iko tayari ardhini, kwa hiyo mti huo hurudi kuzaa upesi kuliko mche mpya. Mizizi ya SL28 nayo husifiwa kwa kustahimili ukame. Kazi hiyo yataka kisu kikali, mkono safi na mtu aliyefundishwa. Akibadili mistari michache kila mwaka, mistari iliyobaki itaendelea kumpatia ada na chumvi.

La nne, chotara haliondoi kazi ya shamba. Mbuni mfupi uzaao sana hula mbolea sana, na ukikosa samadi na kupogolewa huzaa mno kwa mwaka mmoja, kisha matawi hukauka. Kushinda ugonjwa mmoja si kushinda yote. Wadudu wako pale pale. Tena kuvu huweza kubadilika, kwa hiyo mkulima akiona madoa meusi juu ya buni ya mbegu iliyosemwa kuwa ngumu, asinyamaze kwa kuona haya. Apeleke tawi lenye madoa kwa afisa wa kilimo, maana habari hiyo ni mali kwa jirani zake wote.

Kabla mvua za masika hazijaanza, yafaa kila mwenye mibuni aipitie mistari yake, ahesabu miti inayozaa na isiyozaa, na aandike kiasi alichotumia kwa dawa mwaka uliopita. Akiziweka hesabu hizo mbili pamoja, ataona kama mibuni yake mizee bado inamlisha au yeye ndiye anayeilisha. Na akienda kwa mtaalamu au kwa ushirika kuuliza habari za miche, atakuwa na jambo la kuanzia.